Mary Garber Hakuwahi Kufika Tabora

Najua nimekuwa kimya. Sababu ni mbili tu, mvua na mechi. Leo nina jambo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa, bora nilitoe kabla halijaniharibia usingizi.

Muulize mtu yeyote wa Tabora ni nani waliwahi kupita katika mji huu. Atakutajia majina kama anasoma kikosi cha kwanza: Burton, Speke, Stanley, Livingstone. Akiwa anajivunia kwao ataongeza Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, na Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893 aliona heri kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa na Wajerumani. Nenda Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, utaonyeshwa tembe alilokaa Livingstone mpaka Agosti 1872. Utaambiwa alilala wapi. Utaambiwa Stanley alifikia wapi.

Sasa uliza: na mizigo ilibebwa na nani?

Hapo wengi tunakwama. Tunajua walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, maelfu kwa maelfu. Walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba, mzigo mmoja kilo 30 hivi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, kwa miguu. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 na kufika hapa, wakati huo wageni wakipaita Kazeh, mwezi Novemba. Wapagazi wengi walikwenda njia hiyo na wake zao, nao wakibeba vyungu, chakula na watoto, wakifika kambini wanaanza kupika. Majina? Mpishi wa Livingstone aliitwa Halima. Alikuwemo kwenye kundi la kina Chuma na Susi lililobeba maiti ya bwana wake, likapita hapa Unyanyembe mwaka 1873 kuelekea pwani. Jina lake tunalo kwa sababu Livingstone alikuwa na tabia ya kuandika shajara.

Utasema, dada umeahidi kuandika mambo ya michezo, hii historia ya darasa la sita inatokea wapi? Subiri kidogo, tutafika.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwandishi wa michezo. Ni mwanamke, na naandika kutoka Tabora. Magazeti makubwa ya kila siku tunayosoma huku yote yanahaririwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Mimi ni mwakilishi wa mkoani, nalipwa kwa stori. Stori ikitoka nalipwa, isipotoka nauli imekwenda. Nikienda Urambo, Nzega au Sikonge kuangalia mechi, bodaboda ni yangu, maji ni yangu, na vocha ya kutumia picha ni yangu.

Kuna vituko vya kawaida ambavyo kila dada wa kazi hii anavijua. Getini, kwenye kiwanja ambacho sitakitaja, niliulizwa mimi ni mke wa mchezaji gani. Nikaonyesha kitambulisho. Mlinzi akakigeuza mbele na nyuma, akaniambia, "Mama, basi mwite huyo mwandishi mwenyewe aje." Kocha mmoja alikuwa akinijibu maswali yangu huku anamtazama mpiga picha, kijana aliyekuja kubeba tripodi tu. Hayo nimezoea, nayacheka.

Lililonikaa kichwani ni jingine.

Kulikuwa na mechi ya mabinti wa sekondari. Kiwanja cha vumbi, magoli bila nyavu, mashabiki wengi wao ni wanafunzi na akina mama wauza karanga na matobolwa. Binti mmoja alifunga mabao matatu. Nimeangalia mpira miaka mingi, na nawaambia bao la tatu lilikuwa la mtu aliyezaliwa nalo: alimsubiri kipa aamue, kipa alipoamua, yeye akapeleka mpira upande wa pili bila haraka. Baada ya mechi nikamfuata kumuuliza jina lake na herufi zake, maana majina yetu ya Kinyamwezi yakifika Dar hutoka mengine kabisa. Akanitajia taratibu. Halafu akauliza, "Dada, litatoka kweli?"

Nikamuuliza kwa nini anataka sana litoke. Akasema baba yake analima tumbaku na hataki kusikia habari za mpira. Anasema mpira wa wasichana ni uzururaji. Lakini ni mtu anayeheshimu karatasi. Jambo likiandikwa, analiamini.

Niliandika stori kwa moyo wote. Usiku mhariri akanipigia.

"Dada, hii ya mabinti nimeipunguza kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mkuu?"

"Nimebakiza matokeo."

Kesho yake nikaona mstari mmoja: shule fulani imeifunga shule fulani 4-1. Majina hayapo. Pembeni yake, nusu ukurasa kuhusu mchezaji wa Ulaya aliyenunua gari. Mhariri wangu si mtu mbaya, na aliniambia ukweli anaouona yeye, kwamba mechi za mabinti wa mkoani haziuzi gazeti. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna nafasi Dar kwenye ukurasa wa urembo na burudani. Mshahara wa mwezi, si wa stori. Nifikirie.

Nilikuwa bado nafikiria nilipokutana na Mary Garber. Nilikutana naye kwenye simu, kwa sababu bibi huyu alifariki Septemba 2008 akiwa na miaka 92, huko Winston-Salem, jimbo la North Carolina, Marekani. Nilikuwa natafuta habari za wanawake waliotangulia kwenye kazi hii, jina lake likawa linajirudia.

Winston-Salem si New York wala Chicago. Ni mji wa tumbaku. Sigara za Winston na Salem ambazo wazee wetu wanazikumbuka zimepata majina huko huko. Nilipoona hivyo nikacheka peke yangu. Huku kwetu Urambo, Kaliua na Sikonge watoto wanasomeshwa kwa tumbaku, na nusu ya baba ninaokutana nao pembeni ya viwanja wananuka mabani ya kukaushia.

Mary Garber aliingia gazeti la mchana la mji huo, Twin City Sentinel, mwaka 1940. Unajua alipangiwa kazi gani? Ukurasa wa jamii. Nani kaolewa, bibi harusi kavaa nini, nani kaandaa chai kwa ajili ya nani. Hakuipenda. Mwaka 1944 wanaume wa deski la michezo walikuwa wamekwenda vitani, akapewa yeye deski. Vita vilipokwisha wanaume wakarudi na yeye akatolewa, lakini mwaka 1946 akarudi kwenye michezo, na safari hii hakutoka tena. Alistaafu rasmi mwaka 1986, akaendelea kuandika nusu siku mpaka mwaka 2002. Hesabu mwenyewe.

Yaani dada huyu alitoka ukurasa wa nguo za harusi akaenda uwanjani, na mimi nilikuwa naambiwa nitoke uwanjani niende huko.

Vituko vyake ni vyangu, ila vya kwake viliandikwa kabisa. Beji aliyopewa ya waandishi ilikuwa na maneno yanayosema wanawake na watoto hawaruhusiwi kwenye jukwaa la waandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Duke kilimkalisha pamoja na wake za makocha. Vyumba vya wachezaji alikuwa haingii, akisubiri nje kwenye korido mpaka mchezaji aoge, avae, atoke, wakati wenzake wameshapata maneno na wanakimbilia kuandika. Chama cha waandishi wa michezo cha ukanda wake kilimkataa kwa sababu ya jinsia. Miaka ilipita, chama hicho hicho kikamchagua kuwa rais wake.

Mlango wa vyumba vya wachezaji haukufunguliwa kwa huruma. Mwaka 1977 mwandishi mwingine, Melissa Ludtke wa jarida la Sports Illustrated, alizuiwa kwenye fainali za besiboli, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1978 jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi, akaamua kwamba mwandishi wa kike hawezi kunyimwa nafasi ambayo wenzake wa kiume wanapewa. Garber wakati huo alikuwa ameshasubiri koridoni miaka zaidi ya 30.

Lakini si hilo lililonifanya nimpende.

Miaka ya 1940 na 1950, kusini mwa Marekani, ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Shule za weusi na shule za weupe hazikucheza pamoja, na magazeti ya weupe mara nyingi yalifanya kama shule za weusi hazipo. Mary Garber, mzungu wa familia isiyolala njaa, alianza kwenda kwenye mechi za shule ya weusi ya Atkins na za chuo cha weusi cha mji ule, ambacho leo kinaitwa Winston-Salem State. Akakaa, akaangalia, akauliza majina na herufi zake, akaandika. Kocha wa kikapu wa chuo kile, Clarence Gaines, alikabidhiwa timu mwaka 1946 akiwa kijana asiyejulikana. Alipoacha kazi mwaka 1993 alikuwa ameshinda michezo 828. Mwaka 1967 timu yake, ikiwa na Earl Monroe, ilikuwa ya kwanza kutoka chuo cha weusi kutwaa ubingwa wa kikapu wa NCAA katika daraja lake. Dunia ilipokuja kushangaa mwaka ule, Garber alikuwa ameshaandika habari za Gaines kwa miaka 20.

Kuna habari moja aliyokuwa akiisimulia mwenyewe, kwamba ndiyo sifa kubwa aliyowahi kupewa. Aliwasikia watoto wawili weusi wakimzungumza. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba yule mama hajali wewe ni nani. Ukifanya jambo zuri, atakuandika. Mwaka 2005 wahariri wa michezo wa Marekani walimpa tuzo yao kubwa, Red Smith, na alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Lakini yeye alipenda kutaja wale watoto.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Ni rahisi kusema, basi na sisi tuwe kina Mary Garber, tukapiga makofi, tukalala. Mimi nimeangalia vizuri nikaona kuna vitu viwili alivyokuwa navyo ambavyo sisi hatuna.

Cha kwanza, mhariri wake aliviandikia barua vyuo vilivyokuwa vinamnyanyasa, kuvidai vimheshimu kama mwandishi mwingine yeyote wa gazeti. Yaani gazeti lilisimama nyuma yake.

Cha pili ni kikubwa zaidi. Winston-Salem ilikuwa na magazeti yake. Yalihaririwa pale, yakachapwa pale, yakanunuliwa na watu wa pale. Baba ambaye mtoto wake ametajwa alinunua nakala, na mjomba akanunua, na mwalimu akanunua. Jina la mtoto wa jirani lilikuwa ni mauzo. Sisi Tabora tunaandikia deski lililo Dar, na kwa deski hilo Tabora ipo siku Simba au Yanga wanakuja. Mabinti wangu walikatwa kwa sababu hakuna mtu kwenye deski lile ambaye shangazi yake anaishi Kanyenye au Isevya.

Angalia mifano. Julai 2021 fainali ya kombe la shirikisho ilichezwa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakaifunga Yanga 1-0. Waandishi walijaa, wakaandika mpaka chakula walichokula njiani. Wakaondoka. Kigoma hiyo hiyo imewahi kuwa na timu ya wanawake kwenye ligi kuu, Kigoma Sisterz, iliyokuwa inasafiri mchana na usiku kwenda kucheza. Safari zao nani aliziandika? Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa hapa Tabora, watoto wa Tanzania nzima, riadha, netiboli, soka. Tafuta kwenye magazeti ya wiki zile. Utakuta picha nyingi za waheshimiwa waliofungua na kufunga, na ndani ya mabano, watoto.

Hapo ndipo wapagazi wangu wanapoingia. Ukisoma habari ya mashindano ukakuta jina la mgeni rasmi na hukuti jina la mfungaji, basi unasoma habari za msafara kwa mtindo ule ule wa mwaka 1857. Tumebadilisha tarehe tu.

Na mwaka huo huo 2022, Oktoba, Serengeti Girls wetu walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Nchi nzima ikaamka inauliza, hawa watoto wametoka wapi? Wametoka kwenye viwanja vya vumbi, ndugu zangu. Walikuwa wanacheza siku zote. Desemba 2014 pia tulishangaa kumwona Jonesia Rukyaa wa Kagera na filimbi kwenye mechi ya Simba na Yanga, kana kwamba alidondoka na mvua. Mtu hafiki pale kwa siku moja. Kuna mechi mamia za wilayani nyuma yake ambazo hazikuwa na mwandishi.

Wadada wa kazi hii tunao, wala Tanzania haikosi. Somoe Ng'itu ameandika michezo kwenye gazeti la Nipashe miaka mingi, akawa pia Katibu Mkuu wa chama cha soka la wanawake, TWFA. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kipo tangu 1987. Lakini wengi wanaosikika wako Dar, na siwalaumu, kazi iko Dar. Swali langu ni la huku reli inakopita usiku. Nani atabaki?

Basi nikampigia mhariri. Nikamshukuru kwa nafasi ya urembo na burudani, nikamwambia hapana. Akanyamaza, akauliza kama nimepata kazi kwingine. Nikamwambia sijapata. Nikamwomba kitu kimoja: kila mechi ya wanawake au ya shule nitakayotuma, hata akikata yote, abakize wafungaji. Mistari minne. Majina, shule, dakika. Matokeo ya Ulaya yanapata safu nzima na majina ya wafungaji yote yapo, hata ya daraja la pili la Uingereza. Na sisi tupewe mistari minne.

Alicheka. Akasema, "Dada, wewe king'ang'anizi." Akakubali kujaribu.

Mechi iliyofuata yule binti alifunga moja tu, dakika ya 61. Lilitoka. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, limebanwa na tangazo la kubeti, herufi ndogo za kusomea kwa miwani, lakini jina lake lote lilikuwepo na halikukosewa. Nikanunua nakala mbili, moja nikampa dereva wa basi la kwenda kwao. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mzee alilisoma, hakusema neno, akakata kile kipande akakiweka kwenye mfuko wa nailoni anaotunzia stakabadhi zake za mauzo ya tumbaku. Kama amembariki binti kucheza au la, hajatamka. Ila hajamzuia tena kwenda mazoezini.

Mshahara wa mwezi sina. Mwezi uliopita stori zangu zilizotoka zilikuwa sita, na nimetuma kumi na nne. Sijui nitaweza hivi mpaka lini, maana kodi ya chumba hailipwi kwa majina ya wafungaji. Ila nina daftari sasa, kubwa lenye jalada gumu, na kila mechi ninayohudhuria naandika humo vikosi vyote viwili, itoke isitoke.

Jumamosi niko Urambo. Mechi inaanza saa kumi jioni, kama mwamuzi atawahi. Mdau uliye Kahama, Uvinza, Manyoni au popote njia hiyo ya zamani ilipopita, kama kuna mabinti wanacheza karibu nawe, nenda kawaangalie, kisha nitumie majina ya wafungaji. Herufi kamili tafadhali.